Cessna: Kutoka Kansas hadi Kavumu
Clyde Cessna, mkulima na fundi wa mashine wa Kansas, Marekani, aliyejifunza kuruka mwaka 1911, aliasisi mjini Wichita mwaka 1927 kampuni ya kuunda ndege iliyochukua jina lake. Dhiki ya uchumi wa dunia ikakifunga kiwanda mwanzoni mwa miaka ya 1930, hata mpwa wake, Dwane Wallace, akakifungua tena mwaka 1934.

Katika vyombo vyote vilivyotoka humo, sisi wa Kivu Kusini, mashariki ya Kongo, twaithamini zaidi ndege ya Caravan, iliyoruka mara ya kwanza mwaka 1982, kwa kuwa mabawa yake yako juu ya kiwiliwili, mbali na mawe na matope, magurudumu yake hayakunjwi, na injini yake moja hutumia mafuta ya jeti, jamaa ya mafuta ya taa, ambayo aghalabu hupatikana kwa wepesi kuliko petroli ya ndege. Hivyo yaweza kutua katika kiwanja kifupi cha udongo. Kutoka uwanja wa Kavumu, kaskazini ya Bukavu, ndege za namna hii, hadi mwanzoni mwa mwaka 2025, zilikuwa zikivuka misitu hadi Shabunda, ambako kufika kwa gari, hasa wakati wa mvua, ni mashaka makubwa, zikipeleka abiria na shehena kwa mwendo wa takriban kilomita 340 kwa saa.