Kutoka Kalinzi hadi Minervali: Urithi Wetu Umebadilika



Anayepanda vijia vya Cimpunda huona nyumba zilizobanana hadi ukingoni mwa makorongo. Wengi wetu tunaoishi humo tuna wazazi au mababu waliotoka vijijini. Tujiulize: wao walirithi nini, nasi tunarithi nini kwao?

Katika Bushi ya kale, urithi ulikuwa ardhi. Mtu alimtolea mwami au chifu wake ng'ombe, naye akapewa shamba kwa mapatano yaitwayo kalinzi. Shamba hilo likapita kutoka kwa baba hadi kwa mwana. Mali ilitembea pande mbili: wazee walitoa ardhi na ng'ombe wa mahari, vijana walitoa nguvu za kulima na matunzo ya uzeeni. Watoto wengi walikuwa mikono mingi.

Mpango huo ulihitaji ardhi ya kutosha. Watu walipoongezeka juu ya milima ile ile, mashamba yaligawanywa hata yasitoshe kulisha nyumba. Sehemu nyingine zilikwisha kutwaliwa na walowezi. Sheria ya 1973 ilitangaza ardhi yote kuwa mali ya Serikali, na wenye fedha na vyeti wakapata njia ya kujimilikisha mashamba yaliyolindwa na desturi tu. Vita vilivyoanza 1996 vikasukuma familia nyingi zaidi kuja Bukavu.

Mjini, shule ikashika nafasi ya shamba. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, mishahara ya walimu ilipoporomoka, wazazi walianza kuwachangia, hata katika shule zinazosimamiwa na Kanisa. Kwa karibu miaka thelathini, hadi elimu ya msingi bila malipo ilipotangazwa mwaka 2019, faida ya biashara ndogo ya mama iliishia kwenye minervali.

Mwaka 1976 mwanazuoni John Caldwell, aliyefanya utafiti wake Nigeria, alieleza kwamba mali inapotoka kwa watoto kwenda kwa wazazi, watu huzaa wengi. Inapogeuza mkondo, uzazi hupungua. Kwetu gharama ya shule imegeuza mkondo, lakini nchini mwanamke mmoja bado huzaa kwa wastani watoto wapatao sita. Sababu moja iko wazi: hifadhi ya jamii, iliyoundwa 1961, huwafikia hasa wenye ajira rasmi. Kwa mwuzaji wa sokoni na mbeba mizigo, pensheni ni mtoto.

Ndiyo maana kifo cha mzee huleta ugomvi. Sheria ya Familia ya 1987 inawapa watoto wote, wasichana kwa wavulana, haki sawa katika urithi. Haki hiyo ni njema; ila kiwanja kidogo cha Cimpunda hakigawanyiki mara saba. Kikiuzwa, kila mmoja hupata fedha za miezi michache, na mjane hukosa makao.

Shamba la kalinzi lilibaki likionekana. Minervali iliyolipwa haionekani, na kwa hiyo tunaisahau kwa urahisi. Lakini nayo ilikuwa urithi, uliotolewa mapema, mzazi akiwa hai na akijinyima. Je, sisi tuliokwisha kupokea fungu letu shuleni, tutadai tena paa linalomfunika mama?