KESHA LA 31 DESEMBA 1862

Unapojiandaa kwa kesha la mwaka mpya, wakumbuke watu weusi wa Marekani mwaka 1862. Rais Lincoln alikuwa ameahidi kutangaza uhuru wa watumwa wa majimbo yaliyoasi ifikapo Januari 1. Usiku wa kuamkia siku hiyo walikusanyika makanisani wakiomba. Kule Boston, Frederick Douglass na umati walingoja siku nzima. Habari ikafika usiku. Na bado utumwa ulikomeshwa nchi nzima Desemba 1865! Hadi leo makanisa yao hukesha usiku huo.

Mpendwa, Mungu amekuahidi na hujaona kitu? Usishuke kwenye zamu yako. Soma Habakuki 2:3. Ubarikiwe.