Wakamba wa Kitui na Makueni: Wafugaji waliogeuka wakulima

WAKAMBA wa kaunti za Kitui na Makueni hujulikana zaidi siku hizi kwa ndengu, mbaazi na maembe. Hata hivyo, mzee wa eneo hilo akiulizwa utajiri ni nini, huenda akataja ng'ombe kabla ya shamba. Jamii hii, ambayo kulingana na sensa ya 2019 ina watu zaidi ya milioni 4.6 nchini Kenya, imepitia mageuzi makubwa ya maisha katika muda wa karne moja na nusu pekee.

Simulizi za jadi zaeleza kuwa Wakamba walitoka upande wa Mlima Kilimanjaro, wakapitia Chyulu na Nzaui, wakatua katika milima ya Mbooni iliyoko Makueni ya leo. Mbooni kulikuwa na mvua na udongo wa kulima. Watu walipoongezeka, baadhi yao walivuka Mto Athi na kuingia Kitui, nchi kavu isiyotegemewa kwa kilimo pekee. Huko mifugo, uwindaji na biashara vilishika nafasi ya jembe. Misafara yao ilisafirisha pembe za ndovu hadi pwani, na wengine wakalowea Rabai na Mariakani. Mmishonari Johann Ludwig Krapf alipouona Mlima Kenya mnamo Desemba 3, 1849, alikuwa Kitui kama mgeni wa mfanyabiashara mashuhuri, Kivoi.

Katika mpangilio wa zamani, ardhi ilikuwa ya namna mbili. Kulikuwa na shamba lililolimwa na familia, na kulikuwa na weu, yaani nyika ya malisho isiyomilikiwa na mtu mmoja. Nyikani humo vijana walijenga vizimba vya mifugo vilivyoitwa syengo, wakaishi huko kwa miezi mingi wakifuata nyasi na maji, huku wazee, wanawake na watoto wakibaki nyumbani. Kwa hivyo Mkamba hakuwa mhamaji kamili, wala hakuwa mkulima kamili. Familia moja iliishi maisha yote mawili kwa wakati mmoja.

Serikali ya kikoloni ilivuruga utaratibu huo. Nyanda za malisho, zikiwemo za Yatta, zilitangazwa kuwa mali ya Taji, mifugo ikasongamana katika hifadhi finyu na ardhi ikamomonyoka. Badala ya kurudisha malisho, serikali iliamua kupunguza ng'ombe kwa nguvu. Mwaka 1938 maelfu ya Wakamba, wakiongozwa na Muindi Mbingu, walitembea kwa miguu hadi Nairobi na kupiga kambi wakidai mifugo yao. Muindi Mbingu alihamishiwa Lamu, lakini serikali ililegeza amri yake. Barabara moja katikati ya jiji la Nairobi ina jina lake hadi leo, ingawa wengi waipitao hawajui kwamba ilitokana na kisa cha ng'ombe.

Baada ya Vita vya Pili vya Dunia, vichaka vya Makueni vilivyojaa mbung'o vilifyekwa na familia kuhamishiwa humo chini ya mpango wa makazi. Kisha sheria ya 1968 ya kuamua umiliki wa ardhi ikaharakisha upimaji. Weu ikagawanywa vipande vyenye hati. Kijana aliyetarajiwa kwenda kizimbani akaenda shule, au akatafuta kazi Nairobi na Mombasa.

Pamoja na hayo, ukame haukuhama. Wakamba huipa kila njaa jina lake, na majina hayo ndiyo kalenda ya wazee. Ile ya mwisho wa karne ya 19 ni Ngomanisye. Ya 1984 iliitwa Nikwa Ngwete, maana yake nafa nikiwa nimeshika, kwa sababu watu walikuwa na pesa mkononi na chakula hakikupatikana madukani. Jina hilo laonyesha mabadiliko kuliko takwimu yoyote: zamani akiba ilikuwa ng'ombe, sasa ni mshahara wa mtoto aliye mjini. Kwa wasio na mtoto wa namna hiyo, akiba imekuwa makaa, biashara ambayo serikali ya kaunti ya Kitui iliipiga marufuku mwaka 2018.

Yapo yaliyodumu. Mwethya, yaani vikundi vya kusaidiana kazi, ndivyo vilivyochimba matuta ya kuzuia mmomonyoko, na ndivyo vinavyojenga mabwawa ya mchanga. Ukuta huwekwa kukinga mto wa msimu, mchanga ukajaa nyuma yake na kuhifadhi maji yasikaushwe na jua. Mbai nazo, yaani koo kama Aombe, Atangwa na Anzauni, bado huwakutanisha wanachama, hata walio mijini, kuchangia karo, matibabu na mazishi.

Upande wa mashariki wa Kitui, weu iliyobaki sasa ina wagombeaji wapya. Wakati wa kiangazi wafugaji wa ngamia kutoka Tana River na Garissa huingia kutafuta malisho, na mapigano yenye vifo yamezuka mara kadhaa. Mkulima wa huko humwona mgeni huyo kuwa mvamizi wa shamba lake. Mgeni naye hufuata nyasi na maji, kama walivyofanya vijana wa syengo kabla ya ardhi hiyo kuwekwa mipaka.