Mfupa wa Ishango na namba zinazokataa kugawanyika

Kwenye simu zetu kuna picha inazunguka sana: mfupa mdogo wenye alama za kukatwa, eti ni ushahidi kwamba Wakongo ndio waligundua namba tasa. Wengi wetu tunaokutana hapa Asiatique tumetoka upande wa Kivu, kwa hiyo habari hiyo inatugusa. Basi tuisimulie vizuri, maana ukikutwa umedanganya kwa moja, hata la kweli hutaaminiwa.

Namba tasa, ile tuliyosoma shuleni kwa jina la nombre premier, inagawanyika kwa 1 na kwa yenyewe tu. Leta kartoni 12 za sabuni: familia 2, 3, 4 au 6 zitagawana sawa. Leta 13, usifungue hata moja: ama familia 13 zipate moja moja, ama moja ichukue zote. Hakuna njia nyingine.

Mfupa wenyewe ulichimbuliwa mwaka 1950 na Mbelgiji Jean de Heinzelin, huko Ishango, Kivu Kaskazini, pale mto Semliki unapotoka Ziwa Edward. Una urefu wa sentimita 10 hivi na umri wa miaka kama 20,000. Alama ziko safu tatu. Safu moja ina mafungu ya 11, 13, 17 na 19: namba tasa zote kati ya 10 na 20, hakuna iliyorukwa. Jumla ni 60.

De Heinzelin aliona humo mchezo wa hesabu. Mmarekani Alexander Marshack aliona kalenda ya mwezi. Wengine wanasema alama zilikatwa ili mfupa usiteleze mkononi. Na kweli, ili ujue namba tasa lazima ujue kugawanya, na mfupa hauonyeshi kugawanya. Aliyeandika kwamba namba tasa hazina mwisho, akathibitisha, ni Euclid, miaka kama 2,300 iliyopita, kwa Kigiriki.

Je, tumebaki mikono mitupu? Hapana. Mtu wa ziwani kwetu alikata alama, akazipanga kwa mafungu, na hadi leo wasomi wanabishana juu ya kazi yake. Hilo halihitaji kuongezewa chumvi.

Namba hizo tunazo hata mfukoni. Ujumbe wa WhatsApp unaomtumia mama aliyebaki Uvira unafungwa kwa hesabu inayotegemea namba tasa moja kubwa: chukua 2 zipatazo 255, uzizidishe zote pamoja, halafu toa 19. Inatoka namba ya tarakimu 77. Kwa kuwa ni tasa, ukihesabu kwa mabaki yake unaweza kugawa kwa namba yoyote bila kukwama, isipokuwa sifuri. Ndiyo maana inafaa kutengenezea funguo.

Mfupa uko Brussels, mbali na wadogo zetu. Lakini 11, 13, 17 na 19 zinaandikika kwenye ubao wowote. Nyinyi mnaofundisha watoto jioni, ziandikeni, kisha waulizeni: baada ya 19 inafuata ipi?