Skrubu Nne Tu, Lakini Shingo Haikubadilishwa!

Mwaka 1970 staa mmoja wa gitaa kutoka Uingereza (wenye masikio mshamjua) aliingia dukani Nashville, Marekani, akatoka na Fender Stratocaster kadhaa za mtumba. Tatu akawagawia washkaji wanamuziki. Zilizobaki akazifungua, akachukua bodi hapa, shingo pale, akaunga gitaa lake moja jeusi.

Hakuhitaji miujiza. Magitaa ya Leo Fender ya miaka ya 1950 shingo yake inashikwa na skrubu nne, haigandishwi kwa gundi. Ikipinda, unafungua, unaweka nyingine. Kama betri ya simu za kitochi vile.

Ila sio kila shingo inakubali. Kitako kina upana wa milimita 56 hivi, na uzi unaopigwa una urefu wa milimita 648. Ukiweka ya vipimo vingine, noti za juu zitapishana tu, hata ukikaza nyuzi vipi.

Jamaa alilipiga lile jeusi hadi katikati ya miaka ya 1980. Shingo ikalika pembeni, nyuzi zikawa karibu kuteleza ukingoni, na freti mpya zisingewekeka tena. Wengi wangeagiza shingo nyingine fasta. Yeye akalistaafisha gitaa zima! Wapiga gitaa wanamwelewa: bodi ni ya macho ya mashabiki, shingo ndiyo mkono unaishi nayo.

Mwaka 2004 likapigwa mnada Christie's, New York, dola 959,500, pesa zikaenda kituo chake cha kutibu uraibu kule Antigua. Liliuzwa na shingo yake ile ile iliyochakaa.