Hazina ya Marekani na Sandarusi ya Mrima

Wanaoandika historia ya Salem, mji wa pwani ya Massachusetts, hupenda kuanza na manahodha wake. Nyuma ya kila nahodha, hata hivyo, alikuwapo mtoza ushuru wa Hazina ya shirikisho. Wizara ya Hazina iliundwa mwaka 1789, na mpaka vita vya wenyewe kwa wenyewe vya mwaka 1861 sehemu kubwa ya mapato ya serikali hiyo ilitoka forodhani. Katika jumba la forodha la Salem, lililojengwa mwaka 1819, Nathaniel Hawthorne alifanya kazi ya ukaguzi kati ya 1846 na 1849. Taswira aliyoiacha ni ya ofisi iliyosinzia. Imewapotosha wengi, kwani miaka hiyohiyo shehena za Zanzibar zilikuwa zikiingia.

Mkataba wa mwaka 1833 baina ya Marekani na Sayyid Said uliweka ushuru wa asilimia 5 kwa bidhaa ambazo Wamarekani wangeziteremsha katika bandari zake. Huko Zanzibar ushuru huo ulikusanywa na Jairam Shivji, mfanyabiashara aliyeikodi forodha. Mwenziwe wa Salem alikuwa mtumishi aliyewajibika kwa Washington. Tofauti hii si ndogo. Mkodishwaji aliweza kujadiliana na mfanyabiashara, ilhali karani wa Salem alifungwa na maandishi ya sheria iliyotungwa mbali na gati lake.

Sandarusi yaonyesha jambo hili vizuri zaidi kuliko pembe au ngozi. Ilifukuliwa Mrima ikiwa imegandamana na udongo, ikasafirishwa hivyohivyo, kisha ikasafishwa Salem katika kiwanda cha Jonathan Whipple kabla ya kuuzwa kwa watengenezaji wa vanishi. Mwaka 1861 sandarusi isiyosafishwa ilitozwa ushuru mzito. Haikuwa na faida tena kulipia uchafu. Kazi ya kuisafisha ikahamia Afrika, na wasafishaji wa Salem wakapoteza riziki yao kwa kifungu kimoja cha sheria ya fedha.

Biashara yenyewe haikudumu. Glide, jahazi la mwisho kutoka Zanzibar kutia nanga Salem, liliwasili mwaka 1870. Katika Kiswahili kitambaa kilichokuja na majahazi hayo kiliitwa merikani au amerikani, na jina hilo liliendelea kutumika hata pale kitambaa cha namna hiyo kilipofumwa Bombay.