Pendekezo lisilojadiliwa kikaoni

Katika Kiswahili cha vikao, pendekezo ni kitu cha kujadiliwa. Mjumbe hulitoa, wenzake hulipitisha au hulitupa, chai ikaletwa. Likihamia kwenye mwongozo wa matibabu, neno hilohilo hubadilika tabia: linamweleza mhudumu afanye nini, kwa nani na lini. Aliyezoea lile la kikaoni atalisoma hili kama hiari.

Ugumu unazidi kwenye tafsiri. Kundi la GRADE, la wataalamu wa kupima uzito wa ushahidi na mapendekezo ya tiba, lililoanza kazi mwaka 2000, hugawa mapendekezo katika mafungu mawili, na Kiingereza kina kitenzi chake kwa kila fungu. Kwetu yote ni kupendekeza. Basi mzigo unabebwa na maneno yanayofuata: pendekezo thabiti, faida inapoyapita madhara waziwazi, na pendekezo lenye masharti, mizani inapokaribiana na mgonjwa akahitaji kuulizwa anachokitaka. “Pendekezo dhaifu”, ingawa ni fupi, halifai. Nani atafuata kitu ambacho mwandishi mwenyewe amekiita dhaifu?

Lakini hata lililo thabiti huharibika kwa sentensi mbovu. Utafiti wa AQUAMAT, uliochapishwa mwaka 2010, ulihusisha watoto 5,425 wenye malaria kali katika nchi 9 za Afrika, zikiwemo Tanzania, Kenya na Uganda. Waliopewa kwinini walifariki asilimia 10.9, wa artesuneti, asilimia 8.5. Ushahidi wa namna hiyo ukiandikwa “artesuneti itumike inapofaa”, umepotea bure. Inafaa lini?

Pendekezo linalotendeka husomeka hivi: mtoto mwenye malaria kali na uzito chini ya kilo 20 apewe sindano ya artesuneti, miligramu 3 kwa kila kilo, kwenye mshipa au msuli, anapopokewa, baada ya saa 12 na baada ya saa 24, kisha mara moja kwa siku hadi aweze kumeza, hapo aanzishiwe dawa mseto kwa siku 3. Ni refu, ila halibahatishi.

Limebaki neno moja la kutiliwa shaka: “apewe”. Kauli ya kutendwa, kipenzi cha waandishi wa maofisini, imemficha mtendaji. Saa nane usiku, dozi ya pili ikiwadia, wodi inahitaji kusoma “muuguzi wa zamu ampe”.